Mtawa aliyezika brashi zake



Asubuhi na mapema katika bustani za umma za mji wa Beijing, kabla jua halijawa kali, huja wazee, wanaume kwa wanawake. Mmoja hufanya mazoezi ya viungo ya polepole. Mwingine hutundika tundu la ndege wake mtini. Na mwingine huja na ndoo ndogo ya maji na fimbo ndefu yenye sifongo nchani, iliyochongoka mithili ya brashi. Huyu wa mwisho ndiye ninayetaka tumtazame leo. Huchovya sifongo yake majini, husimama wima, huvuta pumzi, kisha huanza kuandika juu ya sakafu ya mawe. Herufi moja, ya pili, ya tatu, kila moja ukubwa wa sinia. Wapita njia husimama kumwangalia. Afikapo herufi ya ishirini, ile ya kwanza imekwisha kukauka, haipo tena. Mzee hajali. Huchovya tena, akaendelea. Na kesho atarudi.

Uandishi huu wa maji ulienea katika bustani za China kuanzia miaka ya 1990, na hadi leo wapo wanaoufanya kila siku ya Mungu. Nilipousikia kwa mara ya kwanza nilijiuliza swali ambalo bila shaka nawe unajiuliza sasa: mtu mzima, aliyefanya kazi na kulea watoto na wajukuu, anapata nini kwa kuandika kitu ambacho hakitadumu hata robo saa?

Jibu lake ni refu, nalo lina umri wa miaka isiyopungua 1,800. Hebu tulifuate taratibu.

Sisi wakazi wa mjini herufi za Kichina si ngeni machoni petu. Pita Kariakoo siku yoyote utaziona kwenye maboksi ya vyombo, kwenye chupa za chai, kwenye mifuko ya viatu. Tunaziona kama tunavyoona maua ya khanga ya mtu mwingine: zinapendeza, lakini hatujui zinasema nini. Tofauti yake na herufi zetu ni kwamba kila moja ni neno au kipande cha neno chenye maana yake. Ili mtu asome gazeti bila taabu, yampasa azijue zipatazo elfu tatu. Na kwa Wachina, kuziandika vizuri ni sanaa kamili, ambayo kwa karne nyingi imeheshimiwa sawa na uchoraji, na pengine zaidi. Wao huiita shufa, yaani kanuni ya kuandika.

Vyombo vya sanaa hiyo ni vinne, navyo huitwa hazina nne za chumba cha msomi. Cha kwanza ni brashi ya manyoya ya mbuzi, ya sungura au ya kicheche, iliyofungwa kwenye mpini wa mwanzi. Cha pili ni wino, ambao zamani hukuukuta chupani. Ulikuwa kipande kikavu mfano wa kipande cha sabuni, kilichotengenezwa kwa masizi na gundi. Cha tatu ni jiwe la kusagia wino huo kwa maji kidogo, taratibu, duara juu ya duara, mpaka uwe mweusi na mzito. Cha nne ni karatasi laini inayonywa wino mara tu brashi inapoigusa.

Hapo kwenye karatasi ndipo penye ugumu. Ukikandamiza brashi, mstari unanenepa. Ukiinyanyua, unakonda. Ukisita, wino unasambaa na kuacha doa. Ukikimbia, mstari unapauka. Wala huruhusiwi kurudi nyuma kupaka rangi pale ulipokosea, maana jicho la mjuzi litakugundua mara moja. Karatasi hii haina kifutio. Kosa la mkono, na hata wasiwasi wa moyo, huonekana pale pale na kubaki. Kwa hiyo dawa ni moja tu, nayo ni kuandika tena na tena na tena.

Wa kwanza kukumbukwa kwa mazoezi ya namna hiyo ni Zhang Zhi, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, katika karne ya 2. Husimuliwa kwamba alikuwa akiandika kando ya bwawa na kuosha brashi zake humo, mpaka maji yote yakawa meusi. Husimuliwa pia kwamba nguo zote za nyumbani mwake aliziandika kwanza kabla hazijapelekwa kutiwa rangi. Hadithi hizo zikipunguzwa chumvi, bado ukweli wake unabaki. Hadi leo, Mchina akitaka kusema kwa adabu kwamba fulani anafanya mazoezi ya mwandiko, anaweza kusema yuko kando ya bwawa.

Baada yake alikuja Wang Xizhi, aliyezaliwa mwaka 303 na kufariki mwaka 361, ambaye Wachina wanamwita mtakatifu wa mwandiko. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 353 aliwaalika rafiki na jamaa kwenye Banda la Orkidi, karibu na mji ambao leo unaitwa Shaoxing. Walikaa kandokando ya kijito, vikombe vya mvinyo vikielea majini. Kikombe kikisimama mbele yako, unatunga shairi, na ukishindwa unakunywa. Mashairi yakakusanywa, na Wang Xizhi akaandika dibaji yake palepale. Ilikuwa na mistari 28 na herufi 324. Kuna neno moja dogo linalojirudia humo mara zipatazo 20, na kila mara amelipa sura yake mbali. Wasimulizi wanasema kesho yake alijaribu kuinakili upya kwa utulivu, akashindwa kuifikia ile ya jana.

Ana mtoto wake pia, Wang Xianzhi, ambaye hadithi yake hupewa watoto wa shule. Kijana alimwuliza baba yake siri ya mwandiko mzuri. Baba akamwonyesha mitungi 18 ya maji uani, akamwambia siri imo humo. Maana yake asage wino mpaka mitungi yote iishe. Baada ya mitungi kadhaa kijana akajiona ameiva. Akaandika herufi yenye maana ya kubwa, akampelekea baba. Mzee hakusema kitu. Aliongeza nukta moja chini yake, ikawa herufi nyingine. Kijana akaipeleka kwa mama. Mama akaitazama kwa makini, kisha akasema: mwanangu umejitahidi, maana nukta hii moja inafanana kabisa na ya baba yako. Kijana akarudi kwenye mitungi. Ni hadithi tu, lakini Wang Xianzhi mwenyewe ni mtu wa kweli, na mwishowe alisimama bega kwa bega na baba yake katika sanaa hiyo.

Sasa, msikilizaji, sikiliza ajabu hii. Kazi ya mkono wa Wang Xizhi mwenyewe, huyo mkuu wao wote, haipo hata moja inayojulikana kuwa imesalia duniani. Ile dibaji ya Banda la Orkidi ilipendwa mno na mfalme Taizong wa enzi ya Tang, aliyetawala kuanzia mwaka 626 hadi 649. Inasemekana aliipata kwa hila, kwa kumtuma mtumishi wake kumrubuni mtawa mzee aliyekuwa ameificha, na alipofariki akazikwa nayo. Kinachoonekana leo, pamoja na nakala mashuhuri iliyomo katika Jumba la Makumbusho la Kasri mjini Beijing, ni kazi ya wanakili. Walikuwa watu waliokaa wakaufuata mkono wa bwana yule mstari kwa mstari, mpaka pale brashi ilipochanua unywele mmoja. Bila wao, Wang Xizhi angekuwa jina tu.

Nimelitaja hilo makusudi, kwa sababu sisi wa leo neno kunakili limetuharibikia. Tukisikia fulani ananakili tunafikiri ni mwizi wa mtihani, au ni mtu asiye na akili zake mwenyewe. Basi na tumwangalie mtu niliyempa kichwa cha mazungumzo haya.

Aliitwa Zhiyong. Alikuwa mtawa wa Kibudha wa karne ya 6, tena kitukuu wa mbali wa Wang Xizhi, kizazi cha 7. Palikuwa na maandishi yaliyoitwa Herufi Elfu Moja, yaliyotungwa mwanzoni mwa karne hiyo kwa amri ya mfalme. Ni herufi elfu moja zilizopangwa kwa vina, wala hakuna hata moja inayorudiwa. Watoto wa China waliyatumia kujifunza kusoma kwa zaidi ya miaka elfu moja iliyofuata. Zhiyong alipanda ghorofani katika hekalu la Yongxin, akakaa huko, kwa masimulizi ya wanahistoria wa zamani, miaka 30, akiyaandika maandishi hayo hayo. Alitoa nakala 800 zilizomridhisha, akazigawa kwa mahekalu ya upande wa mashariki wa Zhejiang, kila hekalu moja.

Piga hesabu mwenyewe. Herufi elfu moja mara 800 ni laki 8, na hizo ni zile alizozikubali tu. Alizozitupa hakuna aliyezihesabu.

Brashi ikichakaa, hung'olewa kichwa chake cha manyoya na kutiwa kingine. Zhiyong hakuvitupa vichwa vile vya zamani. Alivitia katika vikapu vikubwa vya mianzi. Vikapu vilipojaa alivizika ardhini kwa heshima, na mahali pale pakaitwa kaburi la brashi. Alipoteremka duniani, watu walimiminika kumwomba awaandikie, hata kizingiti cha mlango wake kikalika kwa nyayo, ikabidi kivikwe bati la chuma.

Hapo ndipo swali letu linapouma. Miaka 30 na maandishi yale yale! Je, mtu huyu hakuwa na neno lake mwenyewe la kusema? Nakiri kwamba kwa muda mrefu hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nilipokuwa darasa la tatu tulikuwa na kipindi cha mwandiko, na mwalimu wetu alikuwa akituandikisha herufi moja ukurasa mzima, kati ya mistari miwili, asivumilie mkia uliozidi. Nilikichukia kipindi kile kuliko hesabu. Nilisema moyoni, nikishajua kuandika, kuna haja gani ya kuandika tena? Jibu nililipata baadaye sana, na aliyenisaidia kulipata ni Mchina mwingine.

Aliitwa Yan Zhenqing, naye alizaliwa mwaka 709. Inasemwa kwamba utotoni, kwa uhaba wa karatasi, alijifunza kwa kuandika ukutani kwa udongo wa manjano uliokorogwa na maji. Alikua, akawa mtumishi mkubwa wa serikali. Mwandiko wake ulikuwa mnene, ulionyooka na wenye mabega mapana kama wake mwenyewe. Mwaka 755 jenerali An Lushan aliasi. Magavana wengi walisalimu amri, lakini Yan Zhenqing akapinga, pamoja na binamu yake Yan Gaoqing. Mwaka uliofuata mji wa binamu yake ulitekwa. Binamu akauawa, na mwanawe, kijana Yan Jiming, akauawa pia. Mwaka 758 Yan Zhenqing alimtuma mtu kutafuta mabaki ya ndugu zake. Cha kijana kilichopatikana ni kichwa tu.

Usiku au mchana ule, hatujui, Yan Zhenqing alichukua brashi kuandika rasimu ya hotuba ya kumwombolezea mtoto wa nduguye. Haikukusudiwa ionekane na watu. Ni herufi zipatazo 230. Mwanzoni mkono umetulia. Kadiri anavyoendelea mistari inaanza kukimbia. Anakosea, anafuta kwa kukata, anaandika upya, anakata tena. Wino unamwishia na hasimami kuchovya, anakwaruza kwa brashi kavu. Karatasi hiyo ipo mpaka leo katika Jumba la Makumbusho la Kasri mjini Taipei, na wajuzi wanaihesabu kuwa ya pili baada ya dibaji ya Wang Xizhi. Hata mtu asiyejua herufi moja ya Kichina, akiitazama, anaona kwamba aliyeandika alikuwa analia.

Sasa zingatia jambo hili. Siku ile Yan Zhenqing hakuwa na nafasi ya kufikiria mwandiko. Mkono ulikwenda wenyewe. Lakini ulikuwa na miaka zaidi ya arobaini ya mazoezi ndani yake, na kwa ajili hiyo uzito wa moyo ulipopita kwenye brashi ulikuta njia imekwisha kuchimbwa. Mtu asiyefanya mazoezi angelia vilevile, ila karatasi isingejua. Nadhani hilo ndilo Zhiyong alilokuwa akilichimba kule ghorofani, hata kama siku ya kulihitaji haikumfikia yeye. Miaka mingi baadaye, mwaka 783, Yan Zhenqing alitumwa kwa mwasi mwingine kumtaka arudi kwenye utii. Aliwekwa kizuizini, akatakiwa abadili upande, akakataa, akanyongwa akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70.

Huenda msikilizaji akasema, hayo ni ya kale, nani leo ana subira hiyo? Basi nitakupa wa juzi. Mwaka 1898 alizaliwa katika nchi ya kandokando ya mto Yangtze, karibu na Nanjing, mtu aitwaye Lin Sanzhi. Alianza brashi utotoni. Alipokuwa kijana alikwenda Shanghai kujifunza kwa mchoraji mkubwa Huang Binhong, kisha akazunguka milima na mito ya nchi yake kwa miezi kadhaa akichora na kuandika. Baadaye alifanya kazi za serikali wilayani kwake. Mwandiko hakuuacha. Lakini nje ya watu wa karibu, hakuna aliyemjua. Akafika miaka 50, akafika 60, akafika 70. Masikio yakaanza kuziba akawa kiziwi.

Mwaka 1970, alipokwenda kuoga katika bafu la umma, aliteleza akatumbukia kwenye maji yanayotokota. Alilazwa kwa miezi. Alipotoka, vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono wake wa kuandikia, vilikuwa vimegandamana na kiganja. Vitatu tu vikabaki vinafanya kazi. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwisho, na asingelaumiwa. Lin Sanzhi alishika brashi kwa vidole vitatu, akaanza upya. Kwenye sahihi zake akawa anajiita mzee nusu kilema.

Mwaka 1972 China na Japani zilirudisha uhusiano wa kibalozi, na jarida moja la Kichina linalochapishwa kwa Kijapani likakusanya kazi za waandishi hodari kwa toleo la Januari 1973. Za Lin Sanzhi zilikuwamo. Waliozitazama, China na Japani, walipigwa na butwaa. Nani huyu, na alikuwa wapi siku zote? Alikuwa na miaka ipatayo 75. Mistari aliyoiandika kwa mkono ule ulioungua inahesabiwa hadi leo kuwa kati ya mistari bora ya hati ya kukimbiza katika karne ya 20. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Alifariki mwaka 1989, umri wake miaka 91. Kama angefariki akiwa na miaka 70, msikilizaji, mimi na wewe tusingelisikia jina lake. Na yeye, katika miaka yote ile kabla ya 1973, hakuwa na ahadi yoyote kwamba siku hiyo ingefika. Aliandika tu.

Leo sanaa hii ina mtihani mpya. Mwaka 2009 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Heshima hiyo ni kubwa. Lakini kijana wa Kichina mwenye simu mkononi haandiki tena herufi. Anabonyeza sauti ya neno kwa herufi za Kilatini, na simu inamletea herufi za kuchagua. Matokeo yake wengi, tena wenye shahada, wakishika kalamu hujikuta wamesahau neno wanalolisoma kila siku. Serikali yao iliona hatari hiyo, na mwaka 2013 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa kufundisha mwandiko, pamoja na wa brashi, katika shule za msingi na sekondari.

Sisi nasi hatuna la kujivunia. Pwani yetu ilikuwa na vyuo ambamo mtoto aliandika aya kwenye ubao kwa wino, akaisoma mpaka ikaingia, akauosha ubao na kuandika nyingine. Maofisi yetu yalikuwa na makarani ambao barua zao ungezitundika ukutani. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Alipofariki, katika kupanga karatasi zake nilikuta bahasha kuukuu aliyoiandika jina langu, nami nikiwa shule ya bweni. Hapakuwa na barua ndani. Palikuwa na jina langu tu, na ile herufi kubwa ya kwanza ikiwa na mkia wake aliokuwa akiuzungusha kwa kalamu ya wino, asiusahau hata siku moja. Nilikaa chini. Picha zake ninazo nyingi, lakini hakuna iliyonileta karibu naye kama bahasha ile. Kila ujumbe aliowahi kunitumia kwa simu, katika miaka yake ya mwisho, una herufi zile zile za kila mtu.

Nikarudi kumfikiria yule mzee wa bustani ya Beijing na ndoo yake. Nilidhani anapoteza wakati kwa kuandika kitu kitakachokauka. Lakini sisi wa redio tunaijua kazi hiyo. Haya niyasemayo sasa yanakauka hewani kabla sijafunga mdomo, na juma lijalo nitakuja tena. Kinachobaki kwa mzee yule hakiko sakafuni. Kiko mkononi mwake, kwenye bega, kwenye pumzi, na mtoto anayesimama pembeni kumtazama huenda akaondoka nacho kidogo.

Jioni ya leo, ukipata nafasi, tafuta karatasi na kalamu umwandikie mtu unayempenda. Usiichape. Iandike kwa mkono wako, polepole, na ukikosea anza tena.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.